Maneno ya Penseli Pembeni mwa Ramani

Kaka yangu alivunjika mguu siku alipokuwa anaezeka banda la ng'ombe, na mimi ndiye niliyempelekea vitabu. Naanzia hapo kwa sababu watu wa kwetu wakisimulia habari hii huanzia kwenye shimo, kana kwamba shimo lilijichimba lenyewe.

Mimi nafundisha historia katika shule moja ya sekondari hapa Mbeya. Kaka alibaki nyumbani, Iringa, upande wa juu wa Ipogolo, kwenye shamba alilotuachia baba. Chini karibu na maji kuna vitunguu na nyanya, katikati mahindi, na juu kabisa kuna kilima kidogo chenye mawe meusi ambacho hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kukilima. Tulipokuwa wadogo tuliokota yale mawe na kurushiana. Yalikuwa mazito kuliko mawe mengine, yana vitundu kama mkate, na ukiyashika muda mrefu mkono unabaki na harufu ya kutu. Nilifika chuoni ndipo nikajua si mawe. Ni mavi ya chuma, uchafu unaobaki baada ya watu kuyeyusha udongo wenye chuma kwenye tanuri. Watu walikaa juu ya kile kilima na kufua chuma, miaka mingi sana kabla ya babu wa babu zetu.

Kaka aliishia darasa la saba. Hakuwa mzito wa akili, ila baba alihitaji mikono shambani, na mimi niliyekuja nyuma yake nikapata nafasi aliyoikosa yeye. Hakuwahi kunilaumu kwa hilo. Alinitania tu. Nikija likizo na begi la vitabu alikuwa ananiuliza kama vinapikwa na nazi au bila nazi.

Basi alipolazwa nyumbani na plasta ya mguu mzima, nikamchagulia vitabu vitatu. Cha kwanza kilikuwa cha shule, cha kumwekea msingi. Cha pili kilikuwa kijitabu kuhusu mashoka ya mawe ya Isimila, nikijua kwamba Isimila anapafahamu, ameshapita hapo mara nyingi na mzigo wa nyanya bila kugeuza shingo. Cha tatu ndicho nilichokipenda kuliko vyote: kitabu chembamba cha habari za kale za nyanda zetu, hakina jalada, nilichokinunua sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya, kwa mzee anayetandaza vitabu juu ya turubai. Mwishoni kilikuwa na ramani ya kukunjua. Kwa miaka kadhaa nilikuwa naiwekea alama za penseli, kila mahali niliposikia kuna vigae vya vyungu au mawe meusi. Kwenye kilima chetu niliweka msalaba, na pembeni nikaandika: Utajiri mkubwa uko hapa, haujaguswa.

Niliandika hivyo wiki niliyotoka kwenye semina ya walimu wa historia. Mwanaakiolojia mmoja, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alitueleza jinsi kipande cha mkaa kilichosahauliwa ndani ya tanuri kinavyoweza kutaja umri wake, na jinsi mambo mengi yanayojulikana leo kuhusu wafua chuma wa nchi hii yamepatikana karibuni tu, katika mashamba ya watu wa kawaida. Nilirudi nyumbani nimefurahi kama mtu aliyepewa zawadi. Neno utajiri lilinijia lenyewe. Sikufikiri kwamba kuna mtu mwingine atakayelisoma.

Kaka alisoma. Nilidhani ataviweka chini ya mto, lakini baada ya wiki mbili alinipigia simu kuuliza maswali. Watu wa Isimila walikula nini? Hao wafua chuma walitoka wapi, na mbona waliondoka? Nilikaa kwenye ngazi za ofisi ya walimu nikimjibu mpaka kipindi kikanipita. Wakati huo nilikuwa na kikundi cha wasomaji wa historia, watu watano, tunakutana Jumamosi mchana kwenye mgahawa wa chai Mwanjelwa, na kazi yangu ilikuwa kupendekeza cha kusoma. Niliwaambia kwamba msomaji wangu bora kuliko wote yuko Iringa, amelala na mguu juu ya mto. Nilijisifu. Nakumbuka nilivyojisifu.

Maswali yalianza kubadilika plasta ilipotolewa. Akauliza watu wa zamani walikuwa wanafukia vitu vyao kwa kina gani. Akauliza kama Wajerumani waliwahi kupita kwenye kilima chetu walipokuwa wanapigana na watu wetu. Nikamjibu kama mwalimu anavyomjibu mwanafunzi mwenye bidii, kwa urefu, bila kujiuliza anataka nini. Huku kwetu kila mtu ameshasikia hadithi za mali za Mjerumani, kwamba walipokuwa wanakimbia walifukia masanduku ya dhahabu na kuweka alama kwenye mawe na miti. Nimeona makaburi yaliyochimbuliwa kwa ajili ya hadithi hiyo. Ila sikuwahi kuiweka hadithi hiyo na kaka yangu kwenye wazo moja. Kisha akaacha kupiga simu.

Mwezi mmoja baadaye nilikwenda kutoa nakala za mtihani kwenye duka la fotokopi ninalolitumia siku zote, Mwanjelwa. Mwenye duka alinikabidhi bunda langu, na juu yake palikuwa na karatasi isiyo yangu. Ilikuwa ramani. Ilikuwa nyeusi nyeusi, imekopiwa kutoka kwenye kopi nyingine, lakini msalaba ulikuwepo, na maneno yalikuwepo, kwa mwandiko wangu. Herufi R ya "utajiri" ina mkia ninaouvuta hivyo tangu shule ya msingi.

Nilimuuliza imetoka wapi. Alisema ni ya mteja wa asubuhi, mwanamume mwenye begi refu la turubai, ametoa nakala kama ishirini na kusema anasafiri kwenda Iringa. Alidhani ni mwalimu mwenzangu kwa sababu karatasi ilikuwa na ramani.

Nikampigia kaka, simu ikaita mpaka ikakatika. Mara ya tatu alipokea wifi yangu. Alizungumza polepole sana, kama mtu aliyesimama karibu na mlango. Kaka alikuwa amempa nakala ya ramani mtu mmoja kutoka Mbeya mwenye mashine, na sasa alikuwa anatoka alfajiri na kurudi na udongo mwekundu mpaka kwenye nywele. Vitunguu vimekauka ardhini. Kanisani hajaonekana, na mchungaji alipokuja kumwona alikataa kushuka kilimani kumsalimia.

"Njoo, wifi," aliniambia. "Mimi akinitazama sasa hivi, naona kama ananipima."

Niliomba ruhusa shuleni kesho yake na kupanda basi. Nilishuka Ipogolo mchana, nikapandisha kwa miguu. Mwanamke jirani niliyekutana naye kwenye njia ya shambani alinisalimia kamwene, nami nikamjibu kamwene, lakini hakusimama kuuliza habari za Mbeya kama kawaida yake. Aliangalia juu kilimani, akaniangalia mimi, akaendelea na safari yake.

Nililisikia shimo kabla ya kuliona. Kulikuwa na mlio, mwembamba na mrefu, unakatika na kuanza tena. Yule mwanamume wa begi refu alikuwa anatembea juu ya kilima na mashine ya kutafutia madini, masikioni ameweka spika, na kila alipoisogeza mashine ilikuwa inalia. Chini yake kaka yangu alikuwa ndani ya ardhi. Alikuwa amekata kilima kwa ubavu na kuingia ndani kama anayechimba chumba, na ukuta ulioachwa juu yake ulikuwa mrefu kuliko nyumba. Nilipomwita aligeuka, na nilichukua muda kumtambua. Alikuwa amekonda. Mguu uliovunjika alikuwa anauburuta.

Rundo la udongo walioutoa lilikuwa mlangoni mwa shimo. Niliinama. Mle ndani kulikuwa na mirija ya udongo waliyoitumia wafua chuma kupulizia moto, ile ambayo ukiipata nzima unaweza kuona ncha yake ilivyoyeyuka kama nta. Yote ilikuwa imevunjwa kwa sururu. Kulikuwa na mkaa umesagika, na vigae vyenye michoro ya mistari iliyokatwa kwa kitu chenye meno. Na kulikuwa na mfupa mmoja, mfupi, wa rangi ya chai. Niliuweka mfukoni, kisha nikaona aibu, nikaurudisha nilipoutoa.

Nilimweleza mwenye mashine kwamba inalia kwa sababu kilima chote ni chuma, uchafu wa chuma, na italia hapo mpaka betri ziishe. Alinisikiliza kwa adabu. Akasema mashine yake inatofautisha. Kisha akaniita mwalimu, akasema heshima yote ya kazi hii ni yangu, maana bila ramani yangu wasingejua pa kuanzia.

Kaka alipanda juu, akafuta mikono, akatoa kitabu kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa amekitunza vizuri kuliko nilivyokitunza mimi. Akakunjua ramani na kuweka kidole kwenye maneno.

"Wewe ndiye uliyeandika," alisema.

Nikamwambia niliandika kuhusu historia. Utajiri ni huo mkaa, ni hiyo mirija, ni kujua kwamba hapa waliishi watu wenye ufundi wao kabla hatujaitwa jina lolote. Nilijisikia nikiongea kama niko darasani. Alisubiri nimalize.

"Mdogo wangu, wewe ulisoma. Umepata mshahara, umepata nyumba, unakuja likizo. Ukiandika utajiri unajua maana yake. Usinibadilishie maana leo kwa sababu nimefika mimi kwanza."

Nilishuka kwa wifi, tukala ugali na maharage, na kutoka jikoni tulisikia mashine ikilia huko juu mpaka jua lilipozama.

Kesho yake nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji, na kutoka hapo nikapanda mjini kwenye ofisi ya utamaduni. Kila mahali walikubali kwamba kuchimba mambo ya kale bila kibali ni kosa, na kila mahali waliniambia niandike barua. Niliandika barua mbili nikiwa nimesimama kwenye korido. Kisha nilimtafuta kwa simu yule mwanaakiolojia wa semina. Alinikumbuka. Aliniuliza ukuta wa shimo una rangi gani, nikamwambia tabaka la kijivu, tabaka jeusi, tena la kijivu.

"Hilo ni jivu na mavi ya chuma," alisema. "Halijishikilii. Mtoe ndugu yako humo leo, usisubiri nifike Ijumaa."

Ilikuwa Jumatano. Nilirudi nikamwambia kaka maneno hayo kama yalivyo. Alisema wamebakiza hatua chache, mashine imeanza kulia mlio mwingine. Mvua ilinyesha usiku ule, si kubwa, ya kulowanisha tu.

Alhamisi asubuhi kulikuwa na jua safi. Mimi na wifi tulikuwa uwanjani tunachambua vitunguu vichache vilivyookolewa. Sikusikia kishindo. Nilisikia kimya. Mashine ilikuwa inalia, ikaacha, kisha kikaja kitu kama gunia kubwa la mahindi linalomwagwa, polepole, kwa muda mrefu. Wifi alikuwa ameshasimama na kukimbia kabla sijaelewa.

Nusu ya kilima ilikuwa imekaa chini. Mwenye mashine alikuwa juu, pembeni ya mahali ukuta ulipokatika, na nilimwona akirudi nyuma hatua kwa hatua. Akakunja mashine yake, akaiweka kwenye begi, akafunga zipu. Hakukimbia. Alitembea kushuka upande wa pili kuelekea barabara kuu, na mimi sikumfuata kwa sababu mikono yangu ilikuwa imeshaingia kwenye udongo.

Majirani walikuja. Wakaja na majembe, lakini mmoja wao, aliyewahi kufanya kazi kwenye machimbo, akawazuia wasitumie majembe wasije wakamkata, basi tukachimba kwa mikono na sufuria. Mawe meusi yalikuwa mazito na yalikata vidole. Wifi alikuwa mbele ya wote. Alichimba bila kulia na bila kuita jina.

Ghafla akasimamisha mikono. Alikuwa ameshika kichwa. Alikigusa kwa viganja viwili, kwa upole, kama mtu anayemshika mgonjwa, akaanza kupangusa udongo usoni huku akimwambia mume wake avumilie, tumeshafika. Alipangusa mpaka akafika kwenye macho, na hapakuwa na macho. Lilikuwa fuvu la zamani, la rangi ileile ya chai niliyoiona siku ya kwanza, limelala ubavu, na meno yake yote yalikuwepo.

Wifi hakupiga kelele. Alilitoa, akalipitisha nyuma bila kugeuka, nami nikalipokea. Akaendelea kuchimba hapohapo. Kaka alikuwa chini ya lile fuvu, kwa kina cha mkono mmoja. Alikuwa ameinamia mbele na mikono imefunika uso, na nafasi ile ndogo kati ya mikono na uso ndiyo iliyomwokoa. Tulimtoa anapumua. Nyonga ilikuwa imepondeka, na mbavu, na mguu uleule wa mwanzo.

Mwanaakiolojia alifika Ijumaa kama alivyoahidi, akanikuta hospitalini Iringa na udongo ukiwa bado chini ya kucha. Hakunihubiria. Aliniomba nimpeleke kilimani, na huko alitembea kuzunguka lile poromoko kwa muda mrefu, mikono nyuma. Nilimuuliza kama kuna kitu kimebaki cha kusomeka.

"Upande ule ambao hamkuufikia, ndiyo," alisema. "Huku hapana. Tabaka zikishachanganyika, hata mimi naona udongo tu."

Alirudi na wenzake na kibali, wakakaa wiki kadhaa. Walichimba kwa mwiko wa fundi ujenzi na brashi, sentimita kwa sentimita, na kila jioni walikuwa wamesogea kiasi ambacho kaka angekimaliza kwa pigo moja la sururu. Upande uliosalimika walikuta msingi wa tanuri mzima, na chini ya lundo la mavi ya chuma walikuta watu watatu wamezikwa pamoja, wamekunjwa, magoti kifuani. Pengine walikuwa wanne. Wa nne ndiye aliyepita mikononi mwa wifi, na kwa kuwa alitolewa mahali pake hakuna atakayejua alikuwa amelala karibu na nani, wala kama ndiye aliyezikwa kwanza. Mkaa ulipopimwa, umri wake ulitangulia kila jina la mtawala ninalofundisha darasani. Kwa nini walizikwa ndani ya mahali pa moto, na kwa nini kwa pamoja, alisema hajui. Alisema sehemu iliyovunjwa huenda ndiyo iliyokuwa na jibu.

Niliporudi Mbeya nilikwenda kwenye kikundi chetu Jumamosi. Waliomba orodha ya vitabu kama kawaida, maana habari za kilima zilikuwa zimewafikia na sasa kila mtu alitaka kusoma kuhusu ugunduzi. Niliwapendekezea ripoti za uchimbaji, zile kavu, zenye kurasa nzima za vipimo vya udongo, ambazo hakuna anayezisoma kwa tamaa. Nikawaambia waanze na hizo kabla ya hadithi yoyote. Mmoja aliuliza kama nina ramani. Nilimwambia sina. Nilikuwa nimekichukua kitabu kwa wifi na kukaa na kifutio jioni nzima, nikifuta msalaba mmoja baada ya mwingine, na karatasi ilikuwa imekwaruzika hivi kwamba penye kilima chetu palikuwa na tundu.

Mwaka umepita. Kaka anatembea kwa magongo, hatua chache, na mchana wifi humtoa nje na kumkalisha kwenye kiti mbele ya nyumba. Aliwahi kuniuliza mara moja tu kuhusu yule mtu wa nne, kama alikuwa mwanamume au mwanamke. Nikamwambia mwanaakiolojia anadhani ni mwanamke, bado kijana. Alitikisa kichwa, nami nikaamini kwamba jambo limekwisha ndani yake.

Mwezi uliopita nilikwenda kuwaona. Wataalamu walikuwa wameshafukia shimo lao, wakatandika nailoni chini ya udongo ili wajao wajue walipoishia. Kutoka kwenye kiti cha kaka unaona ng'ambo ya bonde, kwenye mteremko wa jirani, na huko niliona watu wanachimba. Walikuwa sita au saba. Nikawatambua wawili kwa mwendo wao. Walikuwa miongoni mwa waliokuja kututolea kaka udongoni kwa mikono yao.

Nilimuuliza wifi wanatafuta nini. Alisema watu wanasema kilichoonekana kwetu ni mfuniko tu. Wale waliofukia waliweka maiti juu ili kutisha watu, na mali yenyewe iko ng'ambo. Wana karatasi, alisema, imetoka Mbeya. Aliyasema hayo akiwa anakung'uta mchele kwenye ungo, hajanitazama.

Kaka alikuwa anawatazama wale watu tangu nilipofika. Nilidhani amesinzia. Kisha akainua gongo lake moja, akalielekeza ng'ambo, akalishikilia hewani kwa muda kama anayepima.

"Wameanzia chini mno," alisema.